Ntumba Zilizobomolewa Kabla ya Wakati

Mbegu ambayo huwezi kuila hata njaa ikikubana, ni mbegu ya nani? Gaudensia aliniuliza hivyo siku ya kwanza tulipokutana, ameshika ungo wenye maharage ya mfano niliyokuja nayo, yaliyopakwa dawa ya rangi ya waridi, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule. Nilimweleza kwamba dawa ile huzuia wadudu na ukungu wakati mbegu ingali ghalani na hata ikishakuwa udongoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema kuwa hakuuliza habari za wadudu.

Tumemzika mwezi uliopita. Nilipanda basi kutoka Mbeya kwa barabara ambayo siku hizi ina lami, nikafika Sumbawanga jua linazama, baridi ikiwa ileile ya kupenya mifupa, na kesho yake nikapelekwa kijijini kwa pikipiki na kijana ambaye hakuelewa bibi wa umri wangu alikuwa anafuata nini huko. Niliketi mkekani na wanawake. Baadhi yao walikuwa bado wananiita bibi shamba. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, na nilipoyatazama yale maharage, yenye rangi zilizochanganyika, meusi na mekundu na yenye madoa, nilijua yametoka kwenye mbegu ya nani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, na kwa kuwa mimi ni mtu asiyeweza kukiacha kitu kikae bila kukihoji, nimeona heri nikiandike.

Ulikuwa mwaka uliofuata operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Ofisi ya kilimo ilinipangia kazi ya mbegu, na kwa kuwa nyumba za watumishi zilikuwa zimejaa, nilipanga chumba mtaa wa Milanzi, palepale mjini, kwa mfanyabiashara aliyekuwa na duka na lori la kwenda Kasesya, mpakani. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa ananiletea uji asubuhi bila kuniuliza kama nautaka, na ananisema kwa kuvaa suruali huku akinimiminia sukari zaidi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha lililofungwa kwa kipande cha bati, na ukuta wa matofali mabichi uliotenganisha kitanda changu na sebule ya mwenye nyumba. Ukuta ule haukuzuia kitu. Nilijua bei ya mafuta ya taa kabla haijapanda, nilijua nani anaposwa, na nilijua watu wa ofisini kwetu wanasemaje kuhusu msichana aliyekuja kuwauliza maswali mikutanoni.

Maswali yalikuwa ugonjwa wangu. Niliuliza kwa nini vijiji vyote vipewe mbegu ya aina moja wakati udongo si mmoja. Niliuliza kwa nini wanawake walime kwa matuta marefu ya mistari wakati Wafipa wana ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofika kiunoni, ambayo hutengenezwa mvua zikiwa bado nyingi na nyasi zimekuwa ndefu. Nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikalazwa chini kichwa kikitazama ndani, zikafunikwa. Ndani mle huoza, na juu hupandwa maharage na maboga. Hazibomolewi mpaka mvua za mwaka unaofuata, nyasi zikiwa zimeshakuwa udongo mweusi, ndipo husambazwa na kupandwa ulezi. Kuibomoa ntumba kabla ya hapo ni kama kufunua chungu cha mwenzako jikoni: hakuna sheria inayokukataza, lakini watu watakukumbuka kwa hilo.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa mbele ya Izia, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Gaudensia alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wenye shamba lao la mboga bondeni, na alikuwa na umri wa mama yangu. Wenzake walinipokea kwa kicheko. Walisema wameshaona bwana shamba asiye na jembe, sasa wameletewa bibi shamba asiye na shamba wala bwana. Gaudensia hakucheka nao. Alinipa jembe. Nililima mpaka mikono ikachubuka, na tangu siku hiyo utani ukabadilika ukawa wa kunitafutia mchumba.

Kikundi kile kilikuwa kinauza mboga zake zote mahali pamoja, hospitali ya masista mjini, na masharti yake yalikuwa makali kuliko ya ofisi yetu. Aliyeyaweka ni Sista Amabilis, mtawa mrefu wa Ulaya aliyesimamia jiko la wagonjwa na kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa. Mbegu isiwe imepakwa dawa. Miche waioteshe wenyewe, wasinunue ya mtu wasiyejua ameikuzaje. Mbegu yao ikiisha, watafute kwanza kwa majirani, na wakikosa kabisa waje wamwambie kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Na dawa ikiingia shambani kwa njia yoyote, shamba lile halitauza jikoni kwake kwa misimu mitatu. Nilimwendea nikamwuliza ana ushahidi gani kwamba punje moja iliyopakwa dawa inamdhuru mla jani lililoota miezi miwili baadaye. Alinijibu kwamba ushahidi wa jani hana, ana wa punje. Wakati watu walipohamishwa, mama mmoja aliyekosa chakula aliosha mahindi ya mbegu mara nyingi, mpaka maji yakatoka meupe, akampikia mtoto. Mtoto aliletwa hospitalini na hakurudi nyumbani. Sista alisema tangu siku hiyo hataki kitu kile kikaribie jiko lake, na mimi ninayetaka kujua zaidi niende nikasome.

Mwezi wa pili magunia yakaja. Amri ya wilaya ilikuwa fupi: kila shamba la kijiji lipandwe mbegu iliyotolewa, na mbegu za zamani ziliwe au zitupwe. Aliyesimamia amri hiyo ni katibu kata, ndugu Asajile, mtu wa kwetu Mbeya, mwenye sauti nzuri ya kanisani, ambaye aliniita mdogo wangu tukiwa wawili na ndugu bibi shamba tukiwa mbele ya watu. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba mbegu ya zamani ndiyo umaskini wenyewe, na kwamba mwanamke anayeificha anauficha umaskini ili umzalie. Aliwaambia wanawake mkutanoni kwamba atakayekaidi atapoteza sehemu yake ya shamba, apewe mwingine aliye tayari. Wanawake walitazama chini. Kila mmoja wao alikuwa ameshaacha shamba moja nyuma yake wakati wa kuhamishwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuacha la pili.

Gaudensia aliinuka akauliza swali moja tu, tena kwa upole ulionishangaza: wanatakiwa wafanye nini hasa na hii mbegu? Asajile akasema, iingie ardhini, yote, hataki kuona gunia lenye kitu. Gaudensia akasema wamesikia. Juma lile wakatengeneza ntumba, magunia yakarudishwa ofisini matupu, na Asajile akanipongeza kwa kazi nzuri ya uhamasishaji ambayo sikuwa nimeifanya. Nilidhani wamekubali, na kwamba Sista Amabilis atawafungia mlango. Lakini Gaudensia aliendelea kuzungumza habari za hospitali kama kawaida, kapu la kwanza la maharage mabichi litakuwa tayari lini, nani atalibeba. Jambo hilo lilinikera kichwani. Nilimwuliza, akaniambia nile kwanza.

Ilikuwa jioni, muda wa Bi Mwanaidi kugeuza mihogo kwenye mkaa, niliposikia sauti ya Asajile upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amekuja kuomba nafasi kwenye lori. Alisema wageni wa mkoa wanakuja kutazama mashamba ya mbegu mpya, na kwamba kile kijiji cha mbele ya Izia kina harufu asiyoipenda, watu wanaitika haraka mno. Mwenye nyumba akamtania kwamba kiongozi akiitikiwa polepole hulalamika, akiitikiwa haraka hulalamika. Asajile hakucheka. Alisema akikuta ujanja, shamba la bondeni analitoa lote, na yule mama anayewaongoza atasimamishwa mbele ya mkoa awe mfano. Nilikaa kitandani na sahani yangu ya mihogo mpaka ikapoa. Bi Mwanaidi alipokuja kuchukua sahani alinitazama, akasema, "Mwanangu, ukuta huu una faida moja tu. Ukisikia, wahi."

Niliondoka usiku wa manane ili nifike kunapopambazuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya tambarare, na nilifika shambani kabla ya mtu yeyote. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na kwa macho tu niliona kwamba hayakuwa ya aina moja. Yalikuwa ya kwao, yale ya kuchanganyika. Nikaanza kuzizunguka ntumba. Kwenye ubavu wa moja, karibu na chini, nikaona mche umetoka ukiwa umepinda, mweupe kama mtu aliyefungiwa ndani, na kwenye jani lake la kwanza lilikuwa bado limening'inia ganda la rangi ya waridi. Nikaingiza vidole. Chini ya nyasi kulikuwa na maharage ya ofisi, yamerundikwa kiganja kwa kiganja, na nyasi zilizoyazunguka zilikuwa bado ngumu wakati za pembeni zilishaanza kulegea. Nilichimba ntumba ya pili. Ya tatu. Nikaacha, maana mikono yangu ilikuwa imekuwa ya waridi nikashindwa kujua niifutie wapi.

Gaudensia alinikuta hapohapo. Hakuuliza ninafanya nini. Alinipeleka kwake, akaninawisha kwa maji na majivu, akaniwekea kiporo cha ugali na mboga ya majani ya maboga, na wenzake wawili wakaingia wakakaa karibu na mlango. Jiko lilikuwa la giza, lenye moshi, na mbegu zake zilikuwa juu ya meko, ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa magunzi, vyeusi kwa masizi. Nilimwuliza kwa nini.

"Waliniambia iingie ardhini," akasema. "Imeingia. Sista akasema tusipande. Hatukupanda. Wewe bibi shamba unaona kosa wapi?"

Mmoja wa wale wenzake akacheka kidogo kwa kujivuna, na kwa kweli hata mimi ilinibidi nikaze mdomo. Katika ofisi nzima hakuna aliyekuwa na akili ya kuwatii mabwana wawili kwa jembe moja. Lakini nilimwuliza je, ile dawa imekwenda wapi. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni kula kwa mkono, kwamba ntumba inakula kila kitu. Mikeka iliyochakaa, mabua, kinyesi cha ng'ombe, mbwa aliyekufa: kitie chini ya nyasi, mwaka ujao ni udongo. Ndivyo walivyofanya mama zao. Hakuna uchafu ambao ntumba haijawahi kuushinda.

"Mama," nikasema, "dawa hiyo imetengenezwa ili mbegu isioze."

Niliona maneno yale yakiingia. Alitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa na rangi kwenye kucha, kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwamba sijui dawa inafika mpaka kwenye ganda la haragwe la juu au haifiki, hilo sijasoma na sidhani kuna mtu hapa aliyelisoma, lakini nyasi zimekataa kuoza, hilo nimelishika kwa vidole vyangu. Yule aliyecheka akasema basi tunyamaze. Sista ana macho, lakini hayaoni chini ya udongo. Mwingine akasema tukibomoa sasa, wageni wa mkoa watakuta shamba limepasuliwa, na hapo hakuna ujanja tena, tumekwisha. Wote wawili walikuwa na haki. Niliwaeleza nilichokisikia nyuma ya ukuta, kwamba tukikutwa shamba linakwenda. Nilitaka wachague wakiwa wanajua. Gaudensia aliikwangua sufuria iliyokuwa tayari safi. Mwishowe akauliza kapu la kwanza linakwenda kwa wagonjwa gani, na akajijibu mwenyewe: wodi ya watoto. Akasimama akachukua jembe.

Tulibomoa siku ile na kesho yake. Sijawahi kuona wanawake wakifanya kazi kwa ukimya namna ile. Kila ntumba iliyofunguliwa ilitoa mvuke na harufu nzito ya kitu kilichokatizwa, na maharage yenye maua yaling'olewa yakawekwa kando, hata ng'ombe wasipewe. Zile punje za waridi tulizikusanya kwenye magunia na udongo uliozishika. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama, wakatazama, wakaondoka bila kusalimu. Mzee mmoja alisema kwa sauti tuliyokusudiwa kuisikia kwamba kijiji kikianza kubomoa ntumba zenye maua, njaa haina haja ya kupiga hodi.

Wageni walikuja siku ya pili, mapema kuliko tulivyotarajia. Land Rover ilisimama juu ya kilima, wakashuka watatu wenye makoti ya mvua, na Asajile mbele yao, ambaye alianza kutembea kwa haraka na kumalizia polepole alipoona kilichokuwa mbele yake. Hakufoka. Aliuliza, kwa ile sauti yake nzuri, hii ni nini. Gaudensia alifuta mikono kwenye kanga, akamwamkia mkubwa wa wageni, kisha akamgeukia Asajile.

"Ulisema iingie ardhini, ndugu katibu. Iliingia. Sasa inatoka."

Mmoja wa wageni aligeuka upande, nadhani alikuwa anaficha kicheko, lakini mkubwa wao hakuwa na kicheko chochote. Aliniuliza mimi kama nilijua. Nikasema nimejua jana, na mimi ndiye niliyewaambia kilichomo ndani. Akauliza kwa nini sikutoa taarifa ofisini kwanza. Nikamwuliza na mimi, taarifa ingefika ofisini kabla ya kapu kufika hospitalini? Asajile alinitazama kama ndugu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha ukweni. Hapohapo, mbele ya shamba lililokuwa kama limefukuliwa na nguruwe, alitangaza kwamba shamba la bondeni linakwenda kwa shule, kikundi kimevunjwa, na Gaudensia hatashika uongozi wowote kijijini. Alimwachia ntumba za nyumbani kwake tu, zile za kilimani, kwa kuwa hata yeye hakuweza kumnyima mtu chakula cha mdomoni. Magunia ya punje tulizozitoa aliyapakia kwenye gari mwenyewe.

Kulikuwa bado na Sista. Niliona hakuna haja ya kwenda kwake. Ntumba za kilimani hazikuwahi kutiwa chochote, hivyo ndivyo nilivyofikiri, na mboga za bondeni zimeshatupwa. Kumwambia ni kujitia kitanzi kingine. Gaudensia alisema hata za kilimani alitia, chache, magunia yalipozidi. Tulikwenda mjini pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikibishana na mgongo wake. Sista Amabilis alitupokea kwenye kibaraza cha jiko, akatukalisha kwenye benchi, akatupa chai. Gaudensia alieleza yote bila kuacha neno na bila kuomba kitu. Sista alimshika mkono. Kisha akasema misimu mitatu.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia huyu mama amekuja kwa miguu yake, hakuna mtu ambaye angejua, na kama anayesema kweli anaadhibiwa sawa na anayeficha basi sheria hii inafundisha watu kuficha. Sista alinisikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu, sitasema hakuumia.

"Mimi naweza kusamehe," akasema. "Nimeshasamehe. Lakini udongo hauendi kuungama, binti. Udongo unasubiriwa."

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza Gaudensia atafanya nini na misimu mitatu, bila kikundi, bila bonde, bila mnunuzi. Akasema atalima. Nikamwuliza atapanda mbegu gani, maana sasa hakuna sharti linalombana. Alisimama, akanitazama kwa namna iliyonifanya nijione mdogo kuliko miaka yangu, akasema kwamba atapanda mbegu yake, kwa utaratibu uleule, na mvua ya tatu ikipita atabeba kapu lake arudi kwenye kibaraza kile. Kabla mwaka haujaisha nilihamishwa, barua ikisema ni kwa manufaa ya kazi. Niliaga Milanzi kwa uji wa mwisho wa Bi Mwanaidi, na nikaenda zangu nikiamini kwamba nimeona watu wawili wanaolingana, mmoja anayeshika sheria jikoni na mmoja anayeishika shambani, na kwamba mimi, kwa ubishi wangu wote, sikuwa upande wa yeyote kati yao. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi wangu habari hizi hivyo.

Msibani, baada ya watu kupungua, nilikaa na Matilda, mdogo wake Gaudensia, ambaye katika miaka ile alikuwa mpishi kwenye jiko lilelile la hospitali. Sikuwa nimewahi kuonana naye. Aliniambia kwamba wagonjwa walilazimika kula, na mboga nyingine hazikuwepo, kwa hiyo wiki ileile tuliyokunywa chai kibarazani jiko lilianza kununua sokoni kabichi na maharage kutoka mashamba ya mbegu ya magunia, na Sista hakuuliza, na likaendelea kununua huko misimu yote mitatu. Matilda alimwambia dada yake Jumapili ya kwanza, baada ya misa. Gaudensia alimwomba asimwambie mtu mwingine yeyote, hasa yule bibi shamba, kwa sababu angekwenda kumwuliza Sista.